Pudentienne wa R na Pudentienne wa L

Aidah hakuwahi kupata zaidi ya alama kumi na nane katika hesabu, na hilo hakuwahi kulificha. Kule Ngara, upande wa Tanzania alikozaliwa na wazazi waliokimbia Rwanda, mwalimu wa hesabu alikuwa akifika kwenye daftari lake anavuta pumzi kwanza. Kwa hiyo Jumatatu ile Conrad, naibu mkuu wa shule, aliposhuka ngazi hadi chumba cha nyaraka na kumwambia aandike maisha ya mwanamke wa hesabu, Aidah alidhani anataniwa.

"Ukurasa moja tu, madam," Conrad alisema. Yeye alikulia Kampala, na Kiswahili alikiendesha kama mtu anayevuka mto kwa kurukia mawe. "Jengo mpya ya hesabu iko tayari. Tunaipatia jina ya Pudentienne. Fundi wa jiwe anataka jina Ijumaa."

Pudentienne Mukarurinda alijulikana shuleni hapo kwa kitu kimoja. Zamani, wakati wasichana waliovuka shule ya msingi walipohesabika kwa vidole, yeye alikwenda Ulaya akarudi na digrii ya hesabu, akafundisha Bujumbura hadi alipofariki. Alitunga pia kitabu chembamba cha hesabu kwa ajili ya wasichana, na katika dibaji yake aliandika kwamba alijifunza kuhesabu kwa masista wa Gikondo. Masista wa Gikondo ndio walioianzisha shule hii, na ni sentensi hiyo moja iliyowapandisha mabega watu wote wa ofisini.

Aidah alikuwa ametunza nyaraka za shule kwa miaka kumi na tisa, katika chumba cha chini ya ngazi ambako nyundo za gereji jirani husikika kutwa. Alijua rejesta ipi imeliwa na mende na ipi imeloa. Alidhani ataimaliza kazi ile kabla ya chai ya saa nne.

Jalada la barua lilimpa karatasi mbili zilizobanwa pamoja. Ya kwanza ni ya mwaka 1968, imepigwa chapa Bujumbura. Pudentienne Mukarurinda, mwenye digrii, anaomba cheti cha kuthibitisha kwamba alisoma hapo kuanzia 1953 hadi 1957, maana mwajiri wake anataka vyeti vyote. Ya pili ni nakala ya jibu la shule, mistari mitatu tu: tumetazama katika vitabu vyetu, hatuna mwanafunzi wa jina hilo, pokea salamu zetu.

Aidah aliisoma mara tatu. Akaenda kwenye droo ya kadi, akapekua Mukaru hii na Mukaru ile, na kweli, Mukarurinda hakuwemo. Yaani shule inataka kumchongea jiwe mwanafunzi ambaye yenyewe ilishamwandikia kwamba haimjui. Alikaa akashika tama.

Kilichomzindua ni jina lake mwenyewe. Kitambulisho chake cha hapa Kigali kinasema Mukarugira, lakini cheti chake cha kidato cha nne cha Tanzania kinasema Mukalugira, na kwa herufi hiyo moja alishakula viapo viwili mbele ya mthibitishaji na bado hajaajiriwa kwa kudumu. Watu wa hapa wakizungumza, R na L ni mtu na pacha wake. Karani anaandika ile inayomjia. Aidah alirudi kwenye droo, akaruka nyuma hadi kwenye Mukal, na kadi ikatoka.

Mukalulinda, Pudentienne. Amezaliwa 1941. Ameingia 1953.

Alitaka kupiga vigelegele. Kisha akageuza kadi. Nyuma, kwa Kifaransa cha wino wa zambarau, palikuwa na maneno machache: Juni 1957, amefukuzwa. Wizi wa mtihani wa hesabu.

Conrad aliposomewa alikaa juu ya boksi bila kuangalia vumbi.

"Ngoja," alisema. "Kama huyu wa L si yule wa R, basi Pudentienne hakusoma kwetu. Jina si yetu."

"Ndiyo."

"Na kama ni yeye, tunaita jengo ya hesabu jina ya mtu aliiba mtihani ya hesabu."

"Ndiyo, mwalimu."

"Wazazi watasema nini? Kamati watasema nini?" Alijipangusa suruali. "Niambie ni mmoja ama ni wawili. Ikifika Alhamisi haujui, tunaita jengo 'Jengo la Hesabu', tunamaliza."

Hapo ndipo kichwa cha Aidah kilipoanza kumzunguka. Alitafuta jina la baba kwenye kadi; mende walikuwa wamelila, wakabakiza nukta. Jina la pili nalo halikumfaa kutafutia ndugu zake, maana Mnyarwanda hapewi jina la ukoo, kila mtoto hupewa lake. Jumanne asubuhi akaona mwanga: dibaji ya kitabu inasema mtunzi alizaliwa tarehe kumi na tisa Mei, na rejesta ya ubatizo ya yule wa L inasema tarehe hiyohiyo. Alikimbia ngazi hadi kwa Conrad, akihema. Alipofika mlangoni tu, akaiona kalenda ya kanisa ukutani. Tarehe kumi na tisa Mei ni siku ya Mtakatifu Pudensiana. Mapadri wa zamani walitazama kalenda, wakampa mtoto jina la siku. Kila msichana aliyezaliwa siku ile kwenye misheni yoyote aliitwa Pudentienne! Tarehe haikuthibitisha lolote ila kwamba padri alikuwa na kalenda.

"Ulikuwa unasema?" Conrad aliuliza.

"Nilikuja kukusalimia tu," Aidah akajibu, akateremka.

Alijaribu hata kulinganisha akili zao. Katika jalada la mitihani alikuta karatasi ya yule wa L, majibu matupu bila njia, yote yamewekewa alama ya vema kisha yakakatwa kwa wino mwekundu. Katika kitabu cha yule wa R kulikuwa na kurasa za alama zilizojikunja kama minyoo baada ya mvua. Aidah aliutazama ukurasa mmoja kwa robo saa kabla ya kugundua ameushika juu chini. Alichukia. Alimchukia Pudentienne, wote wawili, kisha akaona aibu, kwa sababu jana yake tu alikuwa ameanza kumpenda. Yeye anajua maana ya kushika karatasi mkononi na mtu nyuma ya meza akakuambia huyu aliyeandikwa hapa si wewe.

Jumatano aliifungua rejesta ya 1957 na kuisoma mstari kwa mstari, darasa kwa darasa, hata madarasa ya wadogo ambayo hakuna aliyemtuma kuyasoma. Kwenye darasa la nne akakuta: Générose, miaka kumi na mmoja, mdogo wake Pudentienne wa sekondari. Aliusoma mstari huo hadi mwisho, akaandika jina. Chama cha wasichana waliosoma hapo zamani kikampa namba ya simu. Bibi yupo Kanombe, kwa mjukuu wake anayefanya kazi uwanja wa ndege. Saa sita Aidah alikuwa juu ya moto, kama bodaboda inavyoitwa Kigali, kofia ya abiria ikimcheza kichwani.

Générose alikuwa mwembamba, amevaa kitenge kilichopigwa pasi na rozari shingoni. Alikuwa ameishi Bujumbura miaka zaidi ya thelathini, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko.

"Mama, samahani kwa kukuvamia," Aidah alianza. "Dada yako, Pudentienne, jina lake liliandikwa kwa R au kwa L?"

Bibi alicheka hadi akashika mbavu. "Weye umetoka Gikondo kuniuliza ile? Kwetu ni kitu moja! Tulifika Burundi, karani akauliza jina, dada akasema, karani akaandika. Basi."

"Kwa hiyo hakubadilisha ili ajifiche?"

"Kujificha nini?"

Aidah alisita. Akaona hakuna njia ya kuzunguka, akapiga moyo konde, akamsomea nyuma ya kadi jinsi ilivyo. Kicheko kikakatika. Ndege ikapita juu ya paa, nao wakaingoja ipite.

"Kwa hiyo ni mmoja," Aidah alisema polepole. Siku mbili alikuwa akitafuta neno hilo, na sasa lilimwumiza.

"Ni mmoja. Na hakuiba." Générose aliivua rozari, akaiweka mapajani. "Sisi watoto wa darasa la nne tulikuwa tunafagia ofisi ya masista. Mie nilikuta karatasi kwenye kikapu ya takataka. Upande moja iko na maandishi, upande ingine iko nyeupe, safi. Nilikuwa napenda kuchora. Nikaiweka kwa sanduku ya dada, chini ya nguo. Sikujua ni mtihani, mwanangu. Naapa, sikujua."

"Wakaikuta."

"Wakaikuta. Wakasema, ndiyo maana anaandika majibu bila njia. Yeye njia ilikuwa kwa kichwa! Sista akauliza mbele ya watu wote, karatasi ya nani? Dada akaniangalia. Mie nikaangalia chini. Akasema, ni yangu."

Aidah aliigeuza kadi, upande wa wizi ukatazama chini.

"Alienda nyumbani kwa miguu. Mie nikabaki nikasoma," bibi aliendelea. "Nikakuwa mkubwa, nikasema nitamwambia sista. Sikumwambia. Ile mwaka waliandika hawamjui, dada alinionyesha barua. Alisema, Générose, afadhali hawanijui. Akacheka. Mie sikucheka."

Alinyanyuka, akatafuta viatu. "Tuende."

"Wapi, mama?"

"Kwa hiyo kitabu yenu. Niko na miaka sabini na tisa, unataka ningoje nini?"

Walikodi teksi. Njiani Aidah alivurugika zaidi kuliko alivyokuja. Kupata jibu alikuwa amepata, lakini jibu lenyewe lilikuwa na mtu ndani yake, bibi wa watu anayeheshimika parokiani, na jiwe la dada mtu lingechongwa kwa kumvua yeye nguo mbele za watu. Mara mbili alitaka kumwambia dereva ageuze gari. Mara mbili alimtazama yule bibi, ameketi wima kama anayekwenda kupokea komunyo, akanyamaza.

Chini ya ngazi, baada ya kusimuliwa yote, Conrad alieleza kwa lugha zake zote kwamba amefurahi, kwamba pole sana, kwamba kamati itaelewa. Kisha akauliza lile lililomleta: "Sasa jiwe, tunaandika R ama L?"

"L," Aidah alisema. "Hivyo ndivyo alivyoandikwa kwetu tulipomwita mwizi. Tumwombe radhi kwa jina hilohilo." Hakujua alikuwa na sauti hiyo. Akamwandikia herufi kwenye karatasi, kubwa, maana fundi wa jiwe hakuwa mtu wa kutajiwa herufi kwa simu.

Conrad alipopanda, Générose aliomba kuona mstari wa dada yake. Aidah alimfungulia rejesta, iliyorudia maneno ya kadi, akamwonyesha mahali. Bibi aliweka kidole juu ya neno la wizi.

"Futa."

"Humu hatufuti kitu, mama. Hiyo ndiyo sheria ya nyaraka. Lakini unaweza kuandika karatasi yako, ukaitia sahihi, nikaibandika hapahapa. Atakayesoma mstari huu atasoma na karatasi yako."

"Nipe kalamu." Alikaa, akainama, kisha akainua uso. "Na mie? Mie waliniandika nini, ile mwaka?"

Aidah alikuwa ameomba kimoyomoyo asiulize. Aligeuza kurasa hadi darasa la nne, akiwa ameshaujua mstari ule tangu asubuhi. Miwani ya bibi ilikuwa imebaki Kanombe.

"Nisomee, mwanangu."

"Générose," Aidah alisoma. "Miaka kumi na mmoja. Tabia njema sana. Amepewa zawadi ya uaminifu."

Nyundo za gereji zilipiga, zikanyamaza, zikapiga tena. Kisha Générose aliivuta karatasi nyeupe karibu yake, akaitazama upande huu na upande ule, akaanza kuandika.