Bosi Mmoja wa Gereji

Tangazo lililobandikwa mlangoni mwa gereji lilisema kwamba kuanzia Jumatatu neno bosi litatumika kwa mtu mmoja tu, naye ni mwenye gereji.

Wivu ulikuwa umemla muda mrefu. Mafundi walimwita bosi kila mteja, muuza chai, hata nati iliyogoma, tena kwa sauti tamu kuliko waliyompa yeye.

“Kwa hiyo nimeshushwa cheo,” alisema muuza chai, akimimina.

“Na nati yenye kutu tutaibembelezaje, mzee?” fundi injini alimuuliza mwenye gereji.

“Ifungue bila kuongea nayo.”

Jumatano mwenye gereji aliingia mwenyewe chini ya lori. Mafundi wakamsikia akinong’ona, “Legea basi, bosi wangu.”

Nati ikalegea.