Mstari Unaokauka Mwisho

Machimboni hatuanzi na nyundo, tunaanza na maji. Unalimwagia jiwe kopo moja, unakaa, unalitazama linavyokauka. Jua hukausha uso wote, halafu unabaki mstari mmoja mwembamba, bado mweusi kwa unyevu. Huo ndio ufa uliojificha. Ukipiga hapo, jiwe hufunguka kwa pigo moja. Ukipiga pengine, utatoka jasho mpaka jioni.

Nilijifunza hivyo mwaka ule mama alipomfuata baba kaburini. Tulikuwa tumetoka Kongo, tumepanga chumba katika mtaa wa Kyebando, nami nikaacha shule ili wadogo zangu watatu waendelee.

Miaka ilipita nikipasua kokoto. Siku moja akaja mwanamuziki, Mganda mpole mwenye ndevu, akitafuta mawe yanayolia. Alikuwa anatengeneza onyesho kuhusu ardhi: ngoma, zeze, mawe, na picha za miamba zikimulikwa kwenye mashuka makubwa. Nilimgongea mawe mengi. Karibu yote yalitoa sauti ya debe lililojaa mchanga. Saba yalilia vizuri, na moja kubwa, la kijivu, likatoa sauti nzito, ndefu, mpaka wanawake wote waliokuwa wakipasua kokoto wakainua vichwa.

"Nyabo," akaniambia, kama Waganda wanavyomwita mwanamke kwa heshima, "nani atapiga hii? Mimi naogopa."

Nikawa mpigaji wake. "Eh, msanii!" wenzangu walinitania. "Mawe yako yanaimba, yetu yanakufa tu."

Lile la kijivu nililimwagia maji kwa mazoea kabla halijabebwa. Lilikuwa na mstari, karibu na katikati. Sikumwambia mtu, kwa jinsi lilivyolia. Nililipiga pembeni tu.

Tulifanya mazoezi katika ukumbi mmoja Lubaga. Nilisimama katikati ya mashuka, picha zikinipita mwilini: udongo mwekundu, changarawe, mwamba, moto wa chini ukichemka. "Simama imara, nyabo," alisema. "Wewe ndiyo mwamba." Hilo halikuwa na ugumu kwangu.

Kisha akatangaza kwamba tutasafiri na onyesho, Nairobi, Kigali, Dar es Salaam, miezi mitano. Nyumbani nilimweleza mdogo wangu wa kike anayenifuata. Alikuwa kidato cha nne. Aliendelea kumenya muhogo.

"Yaya," akasema, kama tunavyomwita dada mkubwa kwetu, "wewe nenda. Mimi nitabakia na batoto."

"Na shule?"

"Nitaacha. Si na wewe uliacha? Mbona haukukufa?" Akacheka.

Kesho yake alikuja Lubaga bila kuniambia, akiwa na sare ya shule, akamwambia mwanamuziki mbele ya wote: "Yaya wangu anakwenda. Nyumbani nimekwisha panga." Watu wakampigia makofi. Mimi nikatabasamu katikati ya mashuka. Ningekataa, ningemwaibisha na kuitupa zawadi yake. Ningekubali, angeingia palepale nilipoingia mimi. Wiki mbili nzima nilipiga mawe bila kusema ndiyo wala hapana. Kila nilipofungua mdomo, mtu alinipongeza.

Onyesho la kwanza lilikuwa Jumamosi mchana, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Wadogo zangu walikaa mbele, pamoja na binti wa jirani yetu. Kupitia mwanya wa mashuka nilimwona mdogo wangu na sare yake mapajani, imefuliwa, imekunjwa vizuri. Akampa yule binti. Binti akaikunjua sketi ile ya sare, akaipima kiunoni.

Mwisho wa onyesho ule moto mwekundu hushuka polepole kwenye mashuka yote, ngoma zinanyamaza, nami napiga jiwe kubwa mara moja. Niliinua nyundo. Sikupiga pembeni.

Lilifunguka kwa mlio mfupi, ule wa kila siku. Watu walipiga makofi, wakidhani ndivyo lilivyopangwa. Mwanamuziki hakupiga. Alipiga magoti, akagusa vipande viwili.

"Si kitu, nyabo. Tutatafuta ingine."

"Tafuteni na mpigaji mwingine," nikasema. "Mimi siendi. Nisamehe."

Maneno hayo nilikuwa nimeyabeba wiki mbili. Jiwe likiwa limelala kati yetu, yalitoka tu.

Tulishuka kwenye basi Kalerwe, tukapanda kwa miguu kuelekea Kyebando. Wale wadogo walitangulia, wakiigiza ngoma kwa midomo. Mdogo wangu alitembea kando yangu.

"Yaya, tangu lini unapasua jiwe kwa bahati mbaya?"

Nikamuuliza, "Sare iko wapi?"

"Nimeichukua tena." Alikuwa analia kwa hasira. "Haukuniuliza!"

"Na wewe hukuniuliza."

Jumatatu alivaa sare, akaniomba nimfunge kifungo cha nyuma. Nilimfunga. Kisha nikachukua kopo langu na nyundo.

Hadi leo nikikutana na jiwe la kijivu siligongi kusikia linavyolia. Namwaga maji, nakaa, nangoja likauke.