Kioo Namba 63

Saa mbili na robo asubuhi, Mama Vioo anaondoa jicho kwenye hadubini. Kidole gumba kimeganda juu ya kihesabio cha mkononi. Seli 512. Zenye hitilafu: tisa.

"Nimekitambua," anasema bila kugeuka. "Hiki ni cha mume wangu."

Wenzake maabarani wanageuka kumtazama.

Kwa miaka kumi na minne, mama huyu wa watoto watatu amekuwa akisoma vioo vya chama cha wanasayansi wanaochunguza jinsi moshi, vumbi na kemikali vinavyojeruhi vinasaba. Kila kioo hupakwa seli za ndani ya shavu la mtu mmoja. Yeye huhesabu elfu moja. Seli nzima ina kiini kimoja. Iliyojeruhiwa huonyesha kipande kilichomeguka pembeni.

Vioo havina majina, namba tu. Msomaji hapaswi kumjua mwenye kioo. "Ukipenda, chongo utaita kengeza," anasema.

Lakini mwezi uliopita yeye ndiye aliyewachukua seli mafundi wa karakana inayoyeyusha risasi ya betri kuukuu, anakofanya kazi mumewe. Zamu ya mumewe ilipofika, bwana akamnong'oneza: "Dada daktari, taratibu, shavu hili lina mwenyewe." Mama Vioo akacheka, mkono ukateleza, utando wa seli kwenye kioo ukapinda kama ndoana. Ndoana hiyo ndiyo iliyo chini ya lenzi.

Mkuu wa maabara anakichukua kioo, anampa msomaji mwingine aanze upya. Bahasha ya majina itafunguliwa baada ya siku nane, mbele ya wanachama.

"Na ole wako ukisema nyumbani," mkuu anamwonya.

"Ningetaka kusema nyumbani, ningenyamaza hapa."

Mwenzake anamuuliza kama tisa ni nyingi. "Nusu ya hesabu si hesabu," anamjibu. Chai yake imepoa bila kuguswa.

Saa nne anampigia mumewe, ambaye hajachukua likizo kwa miaka kumi na mmoja.

"Baba, omba likizo. Kuanzia leo."

"Kuna nini?"

"Paa linavuja."

"Paa la mwenye nyumba?" Anacheka. Kicheko kinakatika. "Mama watoto, umeona nini?"

"Nimeona paa."

Nyuma ya mumewe tanuri la kuyeyushia risasi linanguruma.

"Haya. Nanawa, naja."

Bahasha ikifunguliwa, anapanga yeye na mumewe wamwone daktari pamoja, kisha aidai karakana mashine ya kufyonza moshi. Kwa sasa anavuta kioo namba 64.

"Hiki sijui cha nani," anasema, akirudisha kihesabio kwenye sifuri. "Na mwenyewe bado yuko kazini, mbele ya tanuri lile lile."