Nailoni ya Fundi Pua

Watu walimwita Fundi Pua, na si kwa sababu pua yake ilikuwa kubwa, ingawa nayo haikuwa ya kujificha. Walimwita hivyo kwa kuwa pikipiki mbovu haikuguswa kwenye banda lake mpaka inuswe. Alifungua plagi, akaipeleka puani, akafumba macho kidogo, kisha akatoa hukumu: hii inakunywa mafuta kupita kiasi, hii imeunguza oili, hii mwenyewe kanunua petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa na sasa anajitia hamnazo. Mara nyingi alipatia. Alipokosea, alisingizia mafua.

Mjomba wake, aliyemfundisha kazi, alimwachia banda la mabati, spana na tabia mbili. Kwanza, mashine yoyote ikiletwa, fungua tangi unuse mafuta kabla hujagusa kitu kingine. Pili, kifuniko cha tangi kikivujisha, weka kipande cha nailoni chini yake, kitoboe kwa sindano ili tangi lipate kupumua, kisha funga. Sindano hiyo ilikaa kwenye ukosi wa ovaroli ya Fundi Pua miaka yote, na mkewe aliijua kiasi kwamba siku ya kufua aliichomoa hata bila kuitazama.

Mkewe alikuwa mganga wa mifugo. Kazini kwake walimpa pikipiki ya miguu minne, ile yenye matairi manene inayopanda vilima ambavyo magari huvitazama kwa mbali na kugeuza. Fundi Pua aliifurahia kama vile kapewa yeye. Furaha ikaisha pale alipoona jinsi inavyompeleka mkewe mbali. Asubuhi anatoka, jioni anarudi na vicheko: mwenye ng'ombe fulani kasema hivi, mwenye mbuzi fulani kamkaribisha chai. Wenye mifugo wote hao, kwa hesabu ya fundi, walikuwa wanaume wenye afya nzuri na wasio na kazi.

Tuseme ukweli, alikuwa na wivu. Tena ule wivu wa kukaa kimya, ambao ni mbaya zaidi kwa kuwa haugombani na mtu ukaisha. Mkewe alipotundika koti la kazi nyuma ya mlango na kwenda kuoga, yeye alilisogelea akalinusa kuanzia kola mpaka mikono. Hakuona haya. Pua ndiyo iliyokuwa ikimlisha, kwa nini isimlindie nyumba? Tatizo ni kwamba mashine ile ilimwaga mafuta kwenye miinuko, na koti zima likanuka petroli. Nyuma ya petroli pangeweza kujificha mwanamume mzima na marashi yake, na fundi asimpate.

Basi siku moja akakata nailoni, akaikunja mara mbili, akaitandika chini ya kifuniko. Mkono ulikwenda kwenye ukosi, ukagusa sindano, ukaiacha. Tundu lingeruhusu harufu itoke. Akafunga kwa nguvu zake zote.

"Nimekuzibia pale panapovuja," alimwambia mkewe, "koti lako lisinuke."

"Ahsante, mume wangu. Wewe unanijali," mkewe akasema, na fundi akaipokea sifa ile bila kupepesa macho.

Siku za mwanzo mambo yalikuwa shwari. Koti lilinuka jasho, dawa ya kupe na maziwa, na fundi akalala usingizi mzito. Halafu jioni moja akanusa pumba. Pumba za mahindi, kwenye mabega na kwenye kola.

"Leo imenizimikia kule kilimani," mkewe alieleza huku akifuta viatu, "karibu na duka la pumba. Nimehangaika mpaka basi. Mwenye duka ndiye aliyeniwashia."

"Kaiwashaje?"

"Kaigusagusa tu, ikawaka."

Kaigusagusa. Usiku huo fundi alilala na neno hilo. Kesho yake aliivua mashine vyombo vyote. Kwanza alifungua tangi, akaweka nailoni kando, akanusa. Petroli ilikuwa safi. Akaosha kabureta, akabadilisha plagi, akapuliza chujio la hewa, akakaza nyaya za betri, akarudisha kila kitu mahali pake, na nailoni nayo. Akaizungusha uani, akaenda nayo hadi barabarani na kurudi. Ilinguruma vizuri. "Haina kitu," akamwambia mkewe. Mkewe akaondoka nayo, na jioni koti likarudi na pumba zake.

Ukawa ndio mchezo. Bandani inawaka kwa kuguswa swichi, kilimani inapungukiwa nguvu, inakohoa, inakufa, na haiwaki mpaka mtu yule aje. Fundi Pua akaanza kumwona mtu yule hata alipofumba macho kunusa plagi. Alikuwa akimfahamu: jibaba la mabega mapana, linabeba gunia kwa mkono mmoja na mkono wa pili linasalimia. Lilimwita mkewe "dada," na kwa njia hiyo yeye likamwita "shemeji." Wakikutana sokoni, lilipaza sauti toka mbali: "Shemeji, mashine inaendeleaje?" Fundi alitamani kuuliza ushemeji huo umeingilia mlango gani.

Na hapo wivu ulikuwa wa aina mbili, hakujua upi unaouma zaidi. Mume aliumia kwa sababu mkewe anasimama kila mara mbele ya duka la mtu. Fundi aliumia kwa sababu muuza pumba, asiyejua hata plagi inakaa upande gani, anaiwasha mashine iliyomshinda yeye. Chakula kikakosa ladha. Wateja wakaanza kunong'ona kwamba fundi siku hizi ananusa plagi moja mpaka inapoa. Alijiambia kwamba mambo yakiendelea hivi atakosa mke na kazi kwa mpigo.

Asubuhi moja akakata shauri. "Leo nakupeleka mwenyewe," alisema.

Mkewe akachukua sanduku lake la dawa. "Haya," alisema, akapanda nyuma.

Walipanda kilima cha kwanza, wakapanda cha pili. Mara duka la pumba likatokea mbele, na mashine, kana kwamba ilikuwa na miadi, ikapungukiwa nguvu. Ikakohoa. Ikazima. Fundi alibonyeza swichi, akabonyeza tena. Injini ilizunguka tu bila kushika. Mwenye duka akatoka, mweupe kwa vumbi la pumba hadi kwenye nyusi.

"Shemeji, karibuni. Nije niiguse?"

"Kaa hapo hapo ulipo," fundi akajibu.

Akafungua plagi, akaipeleka puani, akafumba macho. Haikunuka chochote. Ilikuwa kavu kabisa, haina hata dalili ya petroli, na tangi lilikuwa zaidi ya nusu. Kumbe mafuta yapo lakini hayashuki. Akaenda kwenye kifuniko, na alipokilegeza tu, tangi likavuta pumzi kwa sauti: fyuuu. Nailoni ilikuwa imenyonywa ndani, imebonyea kama mashavu ya mtu anayefyonza ndimu.

Fundi Pua alikitazama kifuniko mkononi mwake. Tangi lisilopumua haliachii mafuta. Na bandani, kila siku, alikuwa akianza kwa kufungua kifuniko anuse. Analipatia tangi pumzi kwa mkono wake mwenyewe, kisha anautafuta ugonjwa ambao ameshautibu. Yeye ndiye aliyemfunga mkewe kwenye mlango wa mtu huyu, na fundo alilipiga mwenyewe.

Aliwapa mgongo, akaifinyanga nailoni, akaitia mfukoni. Akarudisha plagi, akafunga kifuniko, akabonyeza swichi. Mashine ikanguruma. Moyo wake nao ulichangamka, maana aliona njia: kuanzia leo mkewe atapita hapa bila kusimama, na hakuna atakayejua kitu.

"Plagi ilikuwa imelegea," alisema kwa sauti ya kifundi.

Mwenye duka hakumtazama yeye. Alimtazama mkewe. "Dada, kaitoa?"

"Anasema ni plagi," mkewe akajibu.

Fundi akazima injini. "Kaitoa nini?"

Jibaba lilitazama magunia yake, likatazama mbingu. "Nailoni, shemeji. Siku ya kwanza nilifungua tangi nitazame kama mafuta yameisha, likatoa ule mlio. Nikataka kuitupa. Dada akanikataza. Alisema hiyo ni kazi ya mkono wa mume wake, na mume wake ataitoa mwenyewe. Basi kila akija namfungulia, maana kifuniko kimekazwa kuliko mkono wake, kisha tunafunga." Likajipangusa nyusi, likaingia zake ndani.

Fundi Pua hakuwa na pa kuuweka uso. Muuza pumba alikuwa amejua jambo la nyumba yake kabla yake mwenyewe, na hata wakati huo, katikati ya aibu, jambo hilo lilimchoma.

"Kwa nini hukuniambia?" alimuuliza mkewe.

"Ungeniuliza ni nani kaniambia."

Na kweli, ndilo hasa angeuliza.

Mkewe alinyoosha mkono akaigusa sindano kwenye ukosi wake. "Mimi nina swali moja tu. Tangu nikujue hujawahi kusahau kutoboa. Mbona yangu hukuitoboa?"

Angeweza kusingizia mafua. Alitazama matairi manene, akatazama mlango wa duka.

"Petroli ilikuwa inanizibia harufu," alisema. "Nilitaka niweze kukunusa. Ukirudi. Nijue ulikuwa na nani."

Fundi akajua kwamba sasa ndipo anaweza kumkosa kweli. Kisha mwanamke yule akalifungua koti vifungo viwili, akashika ukingo wake, akausogeza mpaka usoni pa mumewe.

"Haya, nusa," alisema. "Nusa hapa hapa nikikuona. Ukimaliza unipeleke, kuna ng'ombe anazaa."