Omena Isiyoonja Mafuta

Daktari wa zahanati iliyo nyuma ya soko la Homa Bay alinipima presha mara mbili, kisha akaniuliza mama yangu alikufa na nini. Nikamwambia ni hiyo hiyo presha. Alianguka jikoni kwetu Kegonga akisonga ugali, na jioni hatukuwa naye tena. Daktari akaniandikia vidonge. Akasema nipunguze mafuta na uzito, la sivyo watoto wangu watatu wataniokota jikoni vilevile. Nilimkasirikia njia nzima hadi nyumbani, kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Kujua la kufanya haikuwa shida. Shida ni kwamba sufuria yetu ni moja na hela ya mboga ni ileile, sasa nikijipikia chakula cha mgonjwa, wengine wale nini? Nikaamua tule kimoja sote. Mafuta niliyokuwa nikimimina kwa jicho nikaanza kuyapima kwa kijiko. Samaki nikaacha kumkaanga, nikamchemsha na nyanya na ndimu. Osuga, ile mboga chungu, nikaipika kwa maziwa kidogo na kuijaza nusu ya sahani. Mume wangu alivumilia siku tatu. Siku ya nne alirudi akinuka chapati za hotelini, hana hata aibu. Tukanuniana, na mimi nikinuna hata kuku wa uani hujua.

Lakini nilipungua. Mimi ni fundi cherehani, mizani sina. Nilijipima kiuno kwa tepu yangu ya kazi, na kila baada ya wiki chache nikawa nashona magauni yangu yawe madogo. Hapo ndipo maneno yakaanza. Huku kwetu mke wa mtu akikonda, hakuna anayesema amejitahidi. Watasema mume hamlishi, au watashusha sauti na kusema ameanza zile dawa za virusi. Mteja mmoja aliniletea maziwa, akaniombea pale pale kwenye cherehani. Mficha maradhi kifo humuumbua, nalijua hilo vizuri, ila sikumwambia mtu kuhusu presha. Hata mume wangu nilimkataza kusema. Niliogopa kwamba nikiitaja tu, nitakuwa nimeiita.

Asubuhi moja mama mkwe akabisha hodi. Alikuwa ametoka kijijini kwake Kisegi alfajiri, mkono mmoja kuku, mwingine chupa ya samli. Kwa mila ya Waluo mzazi halali nyumbani kwa mwanawe, kwa hiyo lililomleta ilibidi alimalize mchana huohuo. Mimi ni Mkuria, Kijaluo changu ni cha sokoni, ndiyo maana huongea nami Kiswahili. Hakutaka hata kukaa. Alinitazama kuanzia shingo hadi miguu.

"Nyathina," akasema, yaani mtoto wangu, "wacha kunificha. Leta hiyo dawa unakunywa nione."

"Dawa gani, mama?"

"Hiyo watu wanasema. Hata kama ni hiyo, mimi sitakutoroka."

Damu ilinipanda kichwani. Nilikuwa na maneno makali tayari mdomoni, lakini nikaona amemweka kuku chini, mkono ameunyosha kuipokea. Nikaenda chumbani, nikarudi na vidonge, nikamwekea mkononi.

"Ni ya presha, mama. Ndiyo iliyoua mama yangu. Nakonda kwa sababu nataka kuishi."

Alisoma jina la dawa herufi kwa herufi. Kisha akakaa chini sakafuni, akacheka na kulia kwa pamoja, akaisukuma ile samli chini ya meza. "Hii nitarudi nayo," akasema. "Omena iko?"

Ilikuwepo, wale dagaa wakavu wa ziwani. Aliiosha kwa maji moto, akaikausha juu ya moto kwenye sufuria tupu, akigeuza na kugeuza mpaka harufu ikafika kwa jirani. Ndipo akatia kitunguu, nyanya nyingi na maji kidogo. Mafuta hakuyagusa. Akaniambia kwamba zamani kwao mafuta yalikuwa ya wageni, na watoto wake wote walikua kwa omena ya namna hii. Mume wangu alipokuja kula mchana alimaliza sahani mbili, akasema hiki ndicho chakula. Nilimtazama kwa jicho baya. Miezi yote hiyo nilikuwa nikimpikia omena bila kuikausha kwanza, na kumbe kosa lilikuwa hapo tu.

Saa tisa nilimsindikiza mama mkwe hadi stejini kupanda matatu. Alinishika mkono, akawa haniangalii.

"Dada ya bwana yako alikonda hivi hivi," akasema. "Sisi wote tuliona. Tukaogopa kuuliza. Tuliuliza siku ya matanga."

Nililia mbele ya makanga na wauza ndizi, wala sikujali.

Siku hizi hunipigia kila Jumamosi akitoka kanisani kwa Wasabato. Haulizi habari za mwanawe. Huuliza presha imesoma ngapi, nami humwambia hata ikiwa imepanda. Wiki iliyopita ilikuwa imeshuka hadi daktari akanipunguzia dawa. Nilitoka nje ya zahanati, nikampigia yeye kwanza. Simu ililia mara moja tu, akapokea.