Wasichana Tuliokanyaga Ndizi

Jana nimepita nyuma ya soko hapa mjini, kuna mtu anakamua ndizi mbivu kwa majani, ile harufu ikanishika. Siku hizi wengine wanakamua kwa mashine, haina ladha, lakini niache hayo. Zamani kuna mama alitufundisha sisi wasichana wa mtaa kuongoza na kujisemea wenyewe mbele za watu, kila baada ya misa. Akaniweka mimi mkubwa wa wenzangu. Sikukuu ya kikundi chetu ikafika, wanaume wakagoma kutukanyagia ndizi za juisi ya sherehe, eti tunafundishwa kiburi. Na kwetu mwanamke hakanyagi ndizi, ni mwiko.

Nikasema, “Osheni miguu, tuingie.”

Tukaingia kwenye mtumbwi wa ndizi, lile gogo lililochongwa la kukamulia, majani yanatuchoma nyayo, juisi inapanda vifundoni. Baba akatokea na wazee wenzake.

“Wachafu nyie! Nani kawatuma?”

Yule mama akataka kujibu. Mzee mmoja akamkatiza, “Nyamaza, wewe hata mume umekosa!”

Nikasema, “Shikamoo baba. Ni mimi niliyewatuma.”

Hakuitikia. Wakapindua mtumbwi, juisi yote ikamwagika vumbini. Fimbo niliyoingoja haikuja. Ila mpaka tunamzika, baba hakupokea tena hata maji kutoka mkononi mwangu.