Alifuta Sauti Yangu Kwenye Masomo ya Kiwanda, Sasa Anataka Nimfichie

Admin, nifiche kabisa, maana kazini kwetu wengi wanafuata ukurasa huu. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka thelathini na sita, naishi Kayole. Miaka kumi na mmoja nimefanya kazi kwenye kiwanda cha sabuni huku Industrial Area, kwa mashine ya kukata miche. Nina hasira, na sitawadanganya kwamba nataka ipoe.

Mwaka jana kampuni ilituletea masomo ya kwenye simu. Unasoma, unafanya mtihani hapo hapo kwenye simu, unapata cheti. Wazo zuri kabisa. Shida ni kwamba masomo yalinunuliwa nje, Kiingereza kigumu, na mashine zinazoonyeshwa hazifanani na zetu hata kidogo. Watu wakawa wanaanguka mtihani ovyo. Ofisa wa mafunzo, nitamwita Jimmy, akanijia mpole kama malaika. "Mama Terry, hii mashine hakuna anayeijua kukushinda. Tutengeneze masomo yetu wenyewe, kwa Kiswahili. Yakikubalika, wewe ndiye mkufunzi."

Nikaamini. Jumapili baada ya Jumapili niliacha kanisa nikaenda kiwandani kujirekodi kwa simu yangu. Nilitoa masomo ishirini na moja, mafupi mafupi, nikamtumia Jimmy yote. Nililolirudia zaidi ni la usalama: kabla hujaingiza mkono kutoa sabuni iliyokwama, zima umeme, piga swichi kufuli, ufunguo utie mfukoni mwako mwenyewe. Jamani, ile kazi niliipenda. Nilijiona mwalimu.

Siku ya uzinduzi tukakusanywa kantini, video ikarushwa ukutani. Mikono ni yangu. Sauti ni ya Jimmy! Mwisho kabisa imeandikwa imetayarishwa na yeye. Watu wakapiga makofi, meneja akampa mkono. Nilipomuuliza mbele ya wenzangu, alicheka. "Wewe na hiyo D yako ya kidato cha nne, nani atakubali umfundishe?" Na wenzangu wengine wakacheka naye. Nilirudi kwa mashine nikakata sabuni huku machozi yanadondoka. Yeye akapandishwa cheo, akapewa ofisi ya juu.

Hayo ningeyameza. Lakini Jimmy alitaka matokeo yapendeze. Somo la kufuli lilikuwa linaangusha watu, akaliondoa lote. Wale ambao hawakumaliza akawafanyia mtihani yeye mwenyewe ofisini. Karani wake ndiye aliyeniambia baadaye. Rafiki yangu Nafula, anayekaa Mukuru kwa Reuben, wiki nzima ya mtihani alikuwa Busia akimzika mamake. Aliporudi alikuta amefaulu. Kwa cheti hicho akatolewa upande wa kupakia akaletwa kwenye mashine ya kukata, shifti tofauti na yangu. Hakukaa hata miezi miwili. Sabuni ilikwama, akaingiza mkono. Vidole viwili vya mkono wa kulia vikaenda.

Akiwa bado amelazwa, Jimmy aliandika ripoti kwamba mfanyakazi alifundishwa, akafaulu, kwa hivyo kosa ni lake. Barua ya kumwachisha kazi ikafuata. Mimi ndiye niliyemsomea, kwa sababu alikuwa hawezi kuishika vizuri.

Tangu hapo nimekuwa nikimwekea ushahidi. Video zangu za kwanza zenye sauti yangu ninazo. Cheti cha Nafula chenye tarehe ninacho, na picha za mazishi za siku hiyo hiyo.

Alhamisi hii wanakuja wakaguzi wa viwango kutazama mafunzo yetu. Wiki iliyopita meneja akaitisha mazoezi: Jimmy aeleze, mimi niendeshe mashine. Nikainua mkono. "Meneja, ofisa ndiye aliyetengeneza masomo. Hebu atuonyeshe yeye namna ya kuisimamisha na kuifunga." Nikampa kufuli mkononi. Aliligeuzageuza, hajui linaingia wapi. Akabonyeza kitufe, mashine badala ya kusimama ikaongeza kasi. Lile jasho nililoliona usoni mwake lilikuwa tamu, wacha niseme ukweli. Tulipotoka nikamnong'oneza, "Video zangu bado ninazo. Na picha za Busia."

Jumamosi mchana alikuja kwangu na mke wake. Akapiga magoti sebuleni. "Mama Terry, futa hivyo vitu. Nitakufanya mkufunzi, jina lako liandikwe, somo la kufuli lirudi. Nafula nitamrudisha, nimpe kazi nyepesi ya stoo." Mke wake alikuwa analia kimya kimya. Nilimwambia, "Inuka. Wageni wangu hukaa kwenye kiti." Nikasema nitafikiria.

Nilimkimbilia Nafula nikijua atashangilia. Badala yake akasema, "Dada yangu, mimi sitaki kesi, nataka kazi. Ukimwaga hayo yote, yeye atafukuzwa, na mimi nitabaki hivi hivi. Watoto wangu watakula hasira zako?" Na wapo wenzangu wengi wenye vyeti vya kupikwa kama chake, ambao hawajui yatawapata nini wakaguzi wakifukua.

Kwa hivyo nikinyamaza, nitapata kila nilichoahidiwa, na Nafula atapata riziki. Lakini moyo wangu hautaki cheo. Unataka kumwona Jimmy akitoka kwa lile geti na vitu vyake kwenye katoni, watu wote wakitazama, wale waliocheka wakiwemo.

Nyinyi mlioko viwandani mnaelewa ninachosema. Nimwangushe Alhamisi, kisha nikamwombe Nafula msamaha? Au nichukue hicho cheo na kila asubuhi nimwamkie Jimmy kama bosi wangu? Nipeni ushauri, lakini tafadhali msiniandikie kwamba nimsamehe. Hilo nimeshajaribu, limenikataa.